Mwaka wa Sifuri Sifuri, Nyeri

Kama familia yenu ina shamba popote kati ya Murang'a na Nanyuki, basi kuna faili. Imefungwa kwa kamba ya katani au imetiwa ndani ya mfuko wa unga, chini ya kitanda cha mzee, na hakuna mtoto anayeruhusiwa kuigusa. Ndani mna fomu za bodi ya ardhi, barua za chifu, risiti za korti, makubaliano ya kuuza nusu ekari kwa jirani ambaye siku hizi hamsalimiani. Angalia sehemu ya tarehe kwenye fomu hizo. Mpiga chapa wa serikali aliacha nafasi ya siku, akaacha nafasi ya mwezi, halafu akachapa "19" na kuweka nukta nukta. Kazi ya karani ilikuwa kujaza tarakimu mbili tu.

Sasa tafuta fomu iliyojazwa mwaka 2000 au 2001. Mara nyingi utakuta ni fomu ileile ya zamani. Serikali haitupi karatasi ambayo haijaisha. Karani amepiga 19 mstari kwa biro, akaandika 2000 juu yake, akagonga muhuri, maisha yakaendelea.

Hivyo ndivyo Y2K ilivyotatuliwa Nyeri, angalau ile sehemu iliyoonekana kwa macho. Mimi nilizaliwa mwishoni mwa miaka ya tisini, kwa hivyo sikumbuki chochote. Nilijifunza kompyuta chuo kikuu kwa miaka miwili kabla sijaacha, na katika miaka hiyo miwili Y2K ilitajwa mara moja, kama kichekesho. Mwalimu alisema watu waliogopa ndege zitaanguka, zikakosa kuanguka, darasa likacheka, tukaenda slaidi inayofuata. Nimekuja kuamini kwamba kichekesho kile kilikuwa na historia nyuma yake, na kwamba kwa watu wa huku mlimani historia hiyo haijaisha.

Tuanze na mashine. Kompyuta za kwanza za ofisi zililishwa kwa kadi za kutobolewa, na kadi ya kawaida ilikuwa na safu 80. Jina, nambari ya kazi, mshahara, makato, tarehe: vyote vijibane ndani ya safu 80. Ukiandika 1962 umetumia safu nne, ukiandika 62 umetumia mbili. Kumbukumbu ya mashine nayo ilikuwa ghali ajabu. Basi waandishi wa programu wakafanya kile ambacho karani wa bodi ya ardhi alikuwa akifanya tangu zamani: wakachukulia kwamba 19 iko hapo tayari. Hawakuwa wajinga. Walidhani programu zao zitakuwa zimetupwa kabla ya mwaka 2000. Lakini programu ya mishahara ni kama nyumba ya mabati ya "muda tu": ukirudi baada ya miaka thelathini unakuta bado ina wapangaji.

Mwaka 1993 Mkanada Peter de Jager aliandika makala kwenye gazeti la Computerworld akionya kwamba siku ya hesabu inakuja. Miaka mitano baadaye dunia nzima ilikuwa inakimbizana. Desemba 1998 Umoja wa Mataifa uliwakutanisha New York waratibu wa nchi mbalimbali, na mapema 1999 kikaundwa kituo cha kimataifa cha kushirikiana kuhusu Y2K, kwa msaada wa Benki ya Dunia, ambayo pia ilitoa pesa ili nchi maskini zijiandae. Makadirio yaliyotajwa sana ya gharama ya dunia nzima yalianzia dola bilioni 300.

Na sisi? Kenya ya 1999 ilikuwa serikali ya Moi iliyokaukiwa. Wafadhili walikuwa wamefunga mifereji, wafanyakazi wa umma walikuwa wanapunguzwa, na Julai mwaka huo Richard Leakey aliletwa kuongoza utumishi wa umma na kundi lake la wataalamu walioitwa "Dream Team". Nyeri yenyewe ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Kati, lakini ukiingia ofisi za wilaya ungekuta madaftari makubwa, mashine za taipu, na makabati ya faili yanayofika darini. Hakuna mdudu wa milenia anayeweza kula daftari. Ndiyo maana watu wazima wa hapa ukiwauliza wanakuambia ati ilikuwa ni shida ya wazungu.

Si kweli, au ni nusu tu ya ukweli. Daftari lilikuwa Nyeri, lakini pesa zilihesabiwa Nairobi, kwa kompyuta. Mshahara wa mwalimu wa Othaya, pensheni ya mzee wa Mukurwe-ini, bili ya stima ya duka la Karatina, vyote vilitoka kwenye mashine ambayo mwenyewe hakuwahi kuiona. Mashine hiyo ilikuwa na tabia zilezile za tarakimu mbili kama mashine za London au Chicago, kwa sababu tulizinunua kwao.

Chukua mwalimu wa kufikirika, aliyeandikwa kwamba alizaliwa 1945. Wakati huo mtumishi wa umma alistaafu akiwa na miaka 55 (kupandishwa hadi 60 kulikuja 2009). Kwa hivyo mwalimu wetu anastaafu mwaka 2000. Programu inatoa mwaka wa kuzaliwa kutoka mwaka wa sasa: 00 kutoa 45. Jibu ni hasi 45. Programu nyingine ingekataa kuendelea. Nyingine ingedondosha alama ya hasi na kusema mwalimu ana miaka 45, bado kijana, arudi darasani miaka mingine kumi. Nyingine ingehitimisha kwamba mtu huyu hajazaliwa na hadai chochote. Hakuna ndege iliyoanguka hapo. Kuna mzee tu anayepanda matatu kwenda Nairobi kila mwezi, kuuliza pesa zake ziko wapi, na kuambiwa arudi Jumatatu.

Kuzuia hilo kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kupanua: unafungua kila faili na kila programu, unageuza kila 45 kuwa 1945. Ni safi, lakini ni polepole na ghali. Ya pili watu wa kompyuta waliiita dirisha. Tarakimu mbili zinabaki vilevile, ila unaiambia programu: ukiona 00 hadi 29, soma 2000 na kitu, ukiona 30 hadi 99, soma 1900 na kitu. Ni rahisi, inafanya kazi, na ina tundu. Mzee aliyezaliwa 1925 sasa amezaliwa 2025. Kwenye orodha ya wanaolipwa pensheni wazee kama hao hawakuwa wachache. Mtu mmoja ilibidi akae chini na kuamua dirisha linaanzia wapi, faili kwa faili, akifikiria nani anaishi ndani ya hizo tarakimu. Hiyo ndiyo kazi iliyofanywa. Haina picha nzuri, haina shujaa, na ikifanywa vizuri hakuna kinachotokea.

Tarehe 31 Desemba 1999 ilikuwa Ijumaa. Saa nane mchana kwetu, New Zealand tayari ilikuwa imevuka usiku wa manane. Kwa hivyo aliyekuwa na redio alijua kabla ya chai ya saa kumi kwamba kuna mahali mwaka 2000 umefika na taa zinawaka. Usiku makanisa yalijaa kwa kesha, kama kila mwaka, ila mwaka huo waumini walikuwa na sababu ya ziada ya kuangalia saa. Nchini Uganda, huko Kanungu, kulikuwa na kundi la kidini lililowaambia wafuasi wake kwamba dunia inaisha usiku huo. Haikuisha. Viongozi wakatoa tarehe nyingine, na tarehe 17 Machi 2000 mamia ya watu waliteketea ndani ya kanisa lililopigwa misumari. Naitaja kwa sababu tunapocheka hofu ya mwaka ule huwa tunasahau kwamba Afrika Mashariki ilizika watu kwa ajili ya tarehe.

Jumatatu tarehe 3 Januari ofisi zilifunguliwa. Huduma zikaendelea. Ndipo ulipozaliwa ule usemi kwamba Y2K ilikuwa njama ya kuuza kompyuta. Ni kama kumwambia aliyechimba mtaro kwamba alipoteza wakati kwa sababu mvua ilinyesha na nyumba haikufurika. Na sehemu ambazo mtaro haukufika, maji yaliingia. Japani vifaa vya kufuatilia mionzi kwenye kituo cha nyuklia cha Ishikawa vilikorofisha ilipofika saa sita usiku. Marekani ilipoteza kwa muda taarifa kutoka kwa setilaiti zake za kijasusi. Kisa kibaya zaidi ninachokijua kilitokea Sheffield, Uingereza. Kompyuta ya maabara ilikuwa ikikadiria uwezekano wa mtoto kuzaliwa na hali ya Down, na hesabu hiyo inategemea sana umri wa mama. Baada ya Januari 2000 ikawa inakosea umri. Zaidi ya wanawake 150 walipewa majibu yasiyo sahihi, na kosa halikugunduliwa hadi Mei. Tazama kilichokosewa: ni umri wa mama tu. Tarehe moja, ikitolewa kutoka kwa nyingine.

Nyeri giza lilikuja baadaye, tena kwa njia ambayo hakuna programu ingeizuia. Ukame ulikausha mito inayoteremka kutoka Mlima Kenya na Nyandarua kuingia mto Tana, bwawa la Masinga likashuka, na mwaka 2000 nchi nzima ikawekwa kwenye mgao wa stima. Ungedhani mdudu amefika kwa kuchelewa.

Mwalimu wetu wa kufikirika, sasa. Tumehakikisha mashine inajua kutoa 1945 kutoka 2000 na kupata 55. Vizuri. Lakini 1945 yenyewe ilitoka wapi?

Usajili wa lazima wa vizazi kwa Waafrika nchini Kenya ulianza mwaka 1963, na ulianzia wilaya mbili tu: Nairobi na Nyeri. Kutoka hapo ulienea kwa awamu hadi 1971 ndipo ukafika nchi nzima. Wazungu walikuwa wakisajiliwa tangu mwanzo wa karne. Kwa hiyo hata hapa Nyeri, tulikokuwa wa kwanza, mtu yeyote aliyezaliwa kabla ya 1963 kwa kawaida hakuwa na karatasi ya serikali inayosema alizaliwa lini. Jomo Kenyatta mwenyewe alifariki 22 Agosti 1978, tarehe tunaijua hadi siku. Tarehe yake ya kuzaliwa haijulikani hadi leo, na kila kitabu kina makadirio yake.

Si kwamba serikali ya kikoloni haikuwapenda watu kwenye karatasi. Iliwapenda sana. Sheria ya kipande ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza, ilimlazimisha kila mwanaume Mwafrika wa zaidi ya miaka 16 kubeba karatasi yake ndani ya kikopo cha chuma shingoni. Lakini angejuaje nani amefikisha 16? Afisa alimwangalia mtu, akakadiria. Wanawake hawakuandikishwa kabisa. Sheria ya vitambulisho ilibadilishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 ndipo akina mama nao wakapanga foleni, na kwa wengi wao karani akafanya vilevile: akamtazama, akaandika mwaka. Waliobahatika walikuwa na kadi ya ubatizo kutoka misheni, Tumutumu kwa Wapresbiteri au Mathari kwa Wakatoliki, ila hiyo husema maji yalimwagwa lini, na mtu angeweza kubatizwa akiwa na ndevu.

Watu walijua umri wao, msinielewe vibaya. Waliujua kwa njia nyingine. Wakikuyu walihesabu kwa riika, rika la waliotahiriwa pamoja, na kila riika lilikuwa na jina. Kenyatta alikuwa wa Kihiu Mwiri, na kwa jina hilo wanahistoria wamekadiria umri wake vizuri kuliko kwa karatasi yoyote aliyoijaza Ulaya. Njaa pia zilikuwa na majina. Ile ya 1943 iliitwa ng'aragu ya mianga, njaa ya mihogo, kwa sababu mihogo ndiyo ilibaki kuliwa. Ukisema ulizaliwa mvua ya kwanza baada ya mianga, umetaja tarehe. Haina siku na mwezi, lakini haina uongo pia.

Na serikali inajua hivyo. Usiku wa kuamkia 25 Agosti 1999, miezi minne tu kabla ya sifuri sifuri, Kenya ilifanya sensa. Tulihesabiwa watu milioni 28.7. Katika sensa zetu waandikishaji hubeba orodha ya matukio ya sehemu husika: njaa, vita, ujenzi wa barabara, chifu fulani kuingia kazini. Akikutana na ajuza asiyejua mwaka wake, anamuuliza: wakati wa njaa ile ulikuwa umebebwa mgongoni au ulikuwa unatembea? Dharura ilipotangazwa Oktoba 1952 ulikuwa na watoto? Kwa maswali matatu au manne anapata mwaka unaokaribia kuwa sawa. Yaani katika mwaka uleule dunia ilipotumia mabilioni kusahihisha tarehe, vijana wa Nyeri walipita nyumba kwa nyumba, boma kwa boma, wakibadilisha kumbukumbu kuwa miaka, kwa penseli. Majibu yakaingia kwenye majedwali. Sheria inataka ya sensa yabaki siri, na ni sawa iwe hivyo, kwa hiyo hakuna jibu hata moja lililorudi kwenye kitambulisho cha aliyeulizwa. Mbinu ilikuwepo, waliofunzwa kuitumia walikuwepo, ila hakuna aliyeituma kufanya kazi hiyo nyingine.

Baadaye kompyuta zilikuja Nyeri kweli kweli. Zikaja Huduma Centre, ikaja eCitizen, na 2019 tukapanga foleni ya Huduma Namba. Kila fomu ya skrini ina vijisanduku vitatu vya tarehe ya kuzaliwa: siku, mwezi, mwaka. Huwezi kuendelea bila kuvijaza. Biro ingeweza kupiga mstari. Skrini haipigiki mstari. Kwa hivyo mtu mwenye mwaka tu anapewa Januari mosi. Kwenye chama cha shosho yangu, upande wa Mathira, akina mama watano wamezaliwa siku moja, na hawana hata keki.

Shosho alizaliwa mvua ya kwanza baada ya mianga. Mama yake alimwambia hivyo, na hesabu inakubali: mwaka 1954, wakoloni walipowahamisha watu wa Mkoa wa Kati kwenye vijiji vilivyozungushiwa mahandaki, yeye alikuwa tayari msichana wa kuteka maji, na anakumbuka alimwaga debe mbele ya askari wa Home Guard. Mtoto wa miaka mitatu hateki maji kwa debe. Lakini alipoenda kuchukua kitambulisho karani alimwangalia na kuandika 1951. Alikuwa na uso mzuri. Anasema alifurahi kidogo, maana nani hataki kuambiwa ni kijana.

Uzuri huo ulikuja kumgharimu. Januari 2018 serikali ilianza kuwalipa wazee wote waliofikisha miaka 70 shilingi 2,000 kila mwezi kupitia Inua Jamii. Kwa mianga, shosho alikuwa na miaka 73 au 74. Kwa kitambulisho alikuwa na 67, akaambiwa asubiri hadi 2021. Miaka mitatu, miezi 36, shilingi 72,000. Kwa mtu anayeuza maziwa lita tatu kwa siku hizo ni pesa za maana. Wenzake wawili waliokuwa naye mtoni mwaka 1954 walilipwa tangu mwanzo, kwa sababu karani wao aliwaona wamezeeka.

Wale waliotengeneza madirisha ya Y2K walijua kwamba wanasogeza tu shida mbele. Januari 2020 mashine za kulipia maegesho New York zilikataa kadi za benki, kwa sababu programu yake ilikuwa imewekewa mwisho wa 2019 na hakuna aliyekumbuka kuisogeza. Shida nyingine ina saa yake kabisa. Kompyuta nyingi huhesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa 1970, na zile za aina ya zamani haziwezi kuhesabu kupita sekunde 2,147,483,647. Hapa Nyeri hiyo itakuwa Jumanne tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi, na sekunde saba. Wahandisi wanaishughulikia tayari, na nina imani wataimaliza. Ni kazi ya mashine kwa mashine.

Kazi ya mtu kwa mtu nimeiona ofisini, nilipompeleka shosho kujaribu kurekebisha mwaka. Ofisi sitaitaja. Tulikuwa na kiapo cha wakili na barua ya chifu. Hospitali ilikuwa imempima umri na daktari akaandika kwamba ana kati ya miaka 75 na 85. Karani, kijana wa rika langu, mpole, alisoma zote. Akasema sanduku linachukua mwaka mmoja, halichukui "kati ya". Akamuuliza shosho kwa Kikuyu, kwa heshima, kama ana uhakika na tarehe yake.

"Nina uhakika na mvua," shosho akamjibu.

Kijana alikaa kidogo, akaangalia foleni nyuma yetu, akabonyeza kuendelea. 01/01/1951 ilikuwa tayari kwenye skrini.